Niliona gari jekundu, kaka yangu anasema lilikuwa jeusi

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi na kaka yangu tunakaanga chipsi kando ya barabara, hapa Morogoro. Wiki 3 zilizopita, saa moja kasorobo jioni, gari dogo lilimgonga mwendesha bodaboda mbele ya kibanda chetu, likakimbia. Kesho yake niliwaambia polisi kwamba gari lilikuwa jekundu, lilikwenda spidi mia moja, na dereva alivaa kofia. Kaka anasema lilikuwa jeusi na dereva hakumwona kabisa. Na tulikuwa tumesimama pamoja! Siku ile watu walijaa, kila mtu akisema lake. Juzi imeanza kuzunguka picha ya mtu kwenye kundi la WhatsApp la mtaani, wanasema ndiye, na kweli nikiiangalia naona ni yeye. Nimeambiwa huenda nikaitwa kwenye gwaride la utambulisho, pale watu wanapopangwa mstari ili shahidi amtaje aliyemwona. Kaka ananiita mwongo, na usiku silali. Je, akili yangu ina tatizo? Na nikiitwa, niseme nini?

JIBU: Marahaba, binti yangu, na pole kwa uliyoyaona. Swali lako limebeba mambo matatu: jicho lilipata nini jioni ile, kumbukumbu imekifanya nini kile kilichopatikana, na wewe uamue vipi la kusema. Nitayachukua moja moja. Lakini lipo jambo lisilongoja: ile picha ya WhatsApp ifute sasa, usiifungue tena, wala usizungumzie sura hiyo na mtu yeyote. Sababu yake utaikuta mbele.

Akili yako ni nzima, na ya kaka yako pia. Ugomvi wenu umesimama juu ya dhana moja tu, kwamba watu wawili waliosimama pamoja wameona kitu kimoja. Tuipime dhana hiyo.

Nyoosha mkono mbele yako, utazame kidole gumba. Sehemu ambayo jicho linaiona kwa ukali wa kuweza kusoma maandishi haizidi sana upana wa kidole hicho. Ni kama nyuzi 2 za pembe, ilhali macho mawili kwa jumla yanafikia karibu nyuzi 200 kwa upana. Kwingine kote ni ukungu. Hatuusikii ukungu huo kwa kuwa macho yanaruka huku na huku, kama mara 3 kwa sekunde, na ubongo unashona vipande.

Sasa tufanye hesabu ya kibandani kwako. Tuseme barabara iko mita 15 kutoka kwenye karai. Kwa umbali huo, upana wa kidole gumba unafunika nusu mita tu. Gari dogo lina urefu wa karibu mita 4, na likienda kilomita 50 kwa saa linakata mita 14 kila sekunde. Kwa hiyo katika sekunde moja ya kulitazama ulipata vipande 3 vya nusu mita: pengine taa, pengine mlango, pengine pikipiki ikianguka. Kaka yako naye alipata vyake 3. Hakuna kati yenu aliyelipata gari zima. Kila mmoja alishonewa gari na ubongo wake.

Kama unashuku kwamba ubongo unashona, jaribu hili leo. Chora msalaba mdogo kwenye karatasi nyeupe, na upande wake wa kulia, sentimita 8 kutoka hapo, weka doa jeusi la ukubwa wa punje ya hindi. Fumba jicho la kushoto. Kwa jicho la kulia tazama msalaba tu, huku karatasi ikiwa mbali kidogo, kisha uilete karibu polepole. Ikifika kama sentimita 30 kutoka usoni, doa litatoweka. Hapo taswira yake imeangukia mahali ambapo mshipa wa fahamu unatokea nyuma ya jicho, na mahali hapo hapana seli za kuona. Lakini angalia: huoni shimo wala giza. Unaona karatasi nyeupe. Ubongo umechukua weupe wa jirani ukaupaka pale, bila kukuuliza na bila kukuonyesha kwamba umepaka. Kazi hiyo unaifanya mchana kutwa, kwa kila kitu.

Hiyo ni hali ya mtu aliyekuwa anatazama. Mtu anayekaanga chipsi hatazami barabara. Macho yako kwenye karai, mkono uko kwenye mwiko, masikio yanamsikiliza mteja anayetaka chipsi mayai. Mwaka 1999, Daniel Simons na Christopher Chabris, wanasaikolojia wa Marekani, waliwaonyesha watu video ya vijana wanaopasiana mpira, wakawaomba wahesabu pasi. Katikati ya video mtu aliyevaa vazi la sokwe alipita mbele ya wachezaji, akasimama, akajipiga kifua, akaondoka. Karibu nusu ya watazamaji hawakumwona. Taswira yake iliingia machoni mwao, ila mawazo yalikuwa kwenye pasi, na kisichopewa umakini hakifiki kwenye kumbukumbu.

Kwa hiyo jiulize kwa utulivu: uliliona gari kabla ya kishindo, au kishindo ndicho kilichokuinua kichwa? Kwa mtu aliyeinamia karai, mara nyingi ni hilo la pili. Na kama ni hilo, basi zile sekunde mbili za mwanzo, gari likija, likiyumba, likigonga, hukuziona. Umezipata baadaye, kwa kurudi nyuma kutoka kwenye matokeo. Si udanganyifu. Oktoba 4, 1992, ndege ya mizigo iliangukia maghorofa ya Bijlmermeer, Amsterdam, nchini Uholanzi. Hakuna filamu ya ndege ikigonga jengo. Kilichorushwa kwenye televisheni ni moto na vifusi. Miezi 10 baadaye watafiti wa huko waliwauliza watu kama waliiona televisheni ikionyesha ndege inavyogonga. Asilimia 55 walisema ndiyo, na wengi wakaeleza ilivyogonga. Walijua ndege imegonga, waliona matokeo, walisikia simulizi, na akili ikawatengenezea filamu isiyokuwepo.

Sasa rangi, ambayo ndiyo imewagombanisha. Nyuma ya jicho kuna seli za kuona za aina mbili. Za rangi ni kama milioni 6 na zinahitaji mwanga wa kutosha. Za giza ni kama milioni 120. Zinafanya kazi kwenye mwanga hafifu lakini hazitofautishi rangi. Jua likizama, kazi inahama kutoka kundi la kwanza kwenda la pili, na kuhama huko huchukua hadi nusu saa. Seli za giza karibu hazioni wekundu. Mwanasayansi Mcheki aliyeitwa Purkinje aliliona hilo mwanzoni mwa karne ya 19: maua mekundu yanayong'aa mchana hugeuka karibu meusi magharibi ikiingia, wakati majani na vitu vya bluu vinabaki vinaonekana. Unaweza kulithibitisha kwa khanga mbili, nyekundu na bluu, ukizianika nje kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni na kuzitazama kila baada ya dakika 5.

Mnaona basi. Saa moja kasorobo, gari jekundu linaweza kuonekana jeusi kwa kaka yako aliyelitazama ubavuni. Na gari jeusi linaweza kuacha wekundu machoni mwako kama ulichokipata kwa ukali ni taa zake za nyuma, hasa dereva akikanyaga breki. Taa za barabarani za rangi ya manjano nazo zinapotosha rangi. Njia zote mbili ziko wazi, na ndiyo maana rangi iliyoonwa saa ile ni ushahidi dhaifu hata ukiiapia.

Kipande kilichovuka jicho na kupata umakini bado kina safari. Kwanza kinakaa kwenye kumbukumbu ya muda mfupi, ambayo ni meza ndogo sana: inabeba mafungu 4 hivi kwa wakati mmoja. Chukua namba ya gari ya hapa kwetu, T, tarakimu 3, herufi 3. Ni alama 7. Ukizisoma kama mafungu mawili, tarakimu kwa pamoja na herufi kwa pamoja, meza inazibeba. Lakini zinahitaji kurudiwa kimoyomoyo. Majaribio ya mwaka 1959 ya Lloyd na Margaret Peterson yalionyesha kwamba mtu akipewa herufi 3 tu kisha akazuiwa kuzirudia, ndani ya sekunde 18 karibu zote zimepotea. Wewe ulikuwa na nini katika sekunde 18 za kwanza? Mayowe, majeruhi chini, mafuta ya moto mbele yako, na kaka anapiga kelele. Ndiyo maana hamna hata tarakimu moja ya namba ile, na hamna la kulaumiwa.

Hofu nayo ina mchango wake. Moyo ukienda mbio, akili inashika kwa nguvu kitu kimoja cha katikati na kuachia vya pembeni. Nina hakika unamkumbuka majeruhi kuliko gari: alivyoanguka, kiatu kilichomtoka, sauti yake. Hayo yape uzito. Muda, kwa upande mwingine, hofu huurefusha. Tukio la sekunde 3 mtu hulisimulia kama la sekunde 10, kwa hiyo makadirio yoyote ya muda na mwendo yanayotoka hapo yachukue kwa tahadhari.

Kisha kusahau kunaanza, na kunaanza kwa kasi. Hermann Ebbinghaus wa Ujerumani alijipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana na kuchapisha matokeo mwaka 1885. Alipojifunza upya orodha baada ya dakika 20, kumbukumbu iliyobaki ilimwokolea asilimia 58 ya kazi. Baada ya saa 1, 44. Baada ya siku 1, 34. Baada ya mwezi, 21. Tukio la kutisha halisahauliki kama silabi, lakini umbo la mteremko ni lilelile: mkali mwanzoni, kisha unalegea. Kilichopotea kati ya kishindo na asubuhi ulipokwenda kituoni ni kingi kuliko kilichopotea tangu siku hiyo hadi leo. Kwa sababu hiyo maelezo yako ya kituoni, pamoja na kasoro zake, ni bora kuliko unachokikumbuka leo. Usiyadharau.

Na hapa ndipo penye hatari kuliko kusahau. Mapengo hayabaki wazi. Yanajazwa, na yanajazwa na chochote kilicho karibu.

Kinajaza ulichozoea. Mtu akisema "gari dogo" katika miji yetu, akili inaleta Toyota IST kabla hajamaliza sentensi. Ukijikuta unakumbuka IST, jiulize kama uliona IST au uliona gari dogo.

Kinajaza maneno ya anayeuliza. Mwaka 1974, Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi wa Marekani filamu za ajali za magari na kuwauliza mwendo. Walioulizwa magari "yaligusana" yakiwa na mwendo gani walitaja wastani wa maili 31.8 kwa saa, sawa na kilomita 51. Walioulizwa kwa neno la "kubamizana" walitaja 40.8, sawa na kilomita 66. Filamu zilikuwa zilezile. Katika jaribio la pili, wiki moja baada ya filamu waliulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Vioo havikuwepo. Kati ya 50 waliosikia neno kali, 16 walisema waliviona. Kati ya 50 waliosikia neno la kawaida, 7. Neno moja la swali liliingia ndani ya kumbukumbu likazaa vioo. Sasa kumbuka kituoni: "mia moja" lilitoka kinywani mwako kwanza, au kuna aliyekuuliza "lilikuwa kama mia hivi?" Namba inayotajwa mwanzo huwa kigingi, na mtu akikadiria hazunguki mbali nacho. Amos Tversky na Daniel Kahneman waliionyesha hali hiyo kwa kuzungusha gurudumu la namba mbele ya watu kisha kuwauliza ni asilimia ngapi ya nchi za Umoja wa Mataifa ziko Afrika. Gurudumu liliposimama kwenye 10, jibu la katikati lilikuwa 25. Liliposimama kwenye 65, lilikuwa 45. Watu waliona kabisa kwamba namba imetoka kwenye gurudumu, na bado iliwavuta.

Kinajaza, zaidi ya yote, simulizi ya wenzako. Watafiti wa Uingereza, Fiona Gabbert na wenzake, mwaka 2003 waliwaonyesha watu wawili wawili video za tukio moja zilizopigwa kutoka pande tofauti, kila mmoja akidhani mwenzake ameona ileile. Waliporuhusiwa kuzungumza, asilimia 71 walieleza baadaye angalau jambo moja ambalo hawakuliona bali walilisikia kwa mwenzao. Wewe ulikuwa katikati ya umati. Mtu mmoja akipaza sauti "jekundu lile!", neno hilo linatua kwenye pengo lako likiwa bichi, na kesho yake linatoka likiwa na sura ya kitu ulichokiona.

Kwa nini hatutambui? Kwa sababu kumbukumbu huhifadhi kitu vizuri kuliko inavyohifadhi mahali kilipotoka. Katika miaka ya 1970, Donald Thomson, mwanasaikolojia wa Australia, alitajwa na mwanamke aliyeshambuliwa nyumbani kwake kuwa ndiye mshambuliaji. Saa ya tukio Thomson alikuwa kwenye kipindi cha televisheni cha moja kwa moja, na mwanamke huyo alikuwa akikitazama kabla tu ya kuvamiwa. Sura aliikumbuka sawasawa. Kilichopotea ni wapi aliiona.

Hii ndiyo sababu ya kuifuta ile picha. Umeshaitazama mara kadhaa, mahali penye mwanga, kwa muda mrefu kuliko ulivyomtazama dereva yeyote, tena chini yake kuna maneno "ndiye huyu". Ukisimama mbele ya gwaride na mtu huyo akiwemo, utamtambua, naam, utatetemeka kwa kumtambua. Lakini utakuwa umemtambua mtu wa kwenye simu. Rudi kwenye hesabu yetu: magharibi, mita 15, kioo cha mbele kinachoakisi anga, sekunde moja. Kofia labda. Sura, siamini, na nakuomba na wewe uwe mgumu kuamini.

Utaniuliza: mbona basi nina uhakika? Uhakika ni hisia, na hisia hiyo inatokana zaidi na wepesi wa kitu kuja akilini. Kitu ulichokisimulia mara 20 kwa wateja huja upesi na kwa rangi kali, kiwe kweli au kisiwe. Siku moja baada ya chombo cha anga cha Challenger kulipuka Januari 28, 1986, Ulric Neisser na Nicole Harsch waliwaandikisha wanafunzi wa chuo kikuu kimoja Marekani namna walivyoipata habari. Miaka miwili na nusu baadaye waliwauliza tena. Robo yao walikosea kila jambo kuu, na wengi wa waliokosea walikuwa na uhakika mkubwa. Walipoonyeshwa mwandiko wao wenyewe, hakuna kumbukumbu ya zamani iliyorudi.

Tofauti moja nataka uishike. Uhakika wa mara ya kwanza, uliotolewa mapema, bila kudokezwa na mtu, una thamani kubwa kwa mpelelezi. Uhakika unaokua baadaye, baada ya picha, mazungumzo na pongezi, hauna thamani hiyo. Gary Wells, mtafiti wa Marekani wa mambo ya mashahidi, ameonyesha kwamba ukimwambia shahidi "vizuri, umemtaja mwenyewe", papo hapo anaanza kusema kwamba alikuwa na uhakika tangu mwanzo na kwamba alimwona mtu vizuri sana.

Mahakama zetu zinalijua hili. Katika shauri la Waziri Amani dhidi ya Jamhuri la mwaka 1980, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilisema kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa kuona ni dhaifu kuliko ushahidi wa aina nyingine na ni wa kutegemewa kwa shida, ikataja ya kuangaliwa: shahidi alimtazama mtu kwa muda gani, kwa umbali gani, mchana au usiku, mwanga ulikuwaje, na kama alimfahamu kabla. Hayo ndiyo maswali utakayokutana nayo. Jiandae kuyajibu kwa vipimo.

Cha kufanya, basi. Tafuta saa nzima ukiwa peke yako, bila simu, na daftari. Kaa, fumba macho, urudi jioni ile kwa mwili kwanza: ulisimama upande gani wa karai, mkono ulishika nini, harufu, redio ya jirani, mteja aliyekuwa mbele yako. Njia hii imetokana na mahojiano yaliyobuniwa Marekani miaka ya 1980 na Ronald Fisher na Edward Geiselman kwa ajili ya mashahidi, na hufanya kazi kwa sababu mazingira ni mpini wa kumbukumbu. Ukiushika mpini, kingine hufuata. Kisha andika kila kinachokuja, hata kidogo, kila jambo mstari wake, na mbele ya kila mstari weka herufi moja: N kwa niliona, S kwa nilisikia mlio au sauti yake, A kwa niliambiwa, D kwa nadhani. Mfano:

S – kishindo, kisha chuma kikiburuzwa.
N – pikipiki imelala ubavu, gurudumu la nyuma bado linazunguka.
N – taa nyekundu mbili zikienda upande wa mjini.
A – "gari jekundu lile" (mama muuza matunda).
D – mwendo mkubwa.

Yakikauka, anza upya kutoka mwisho kwenda mwanzo: polisi walipofika, kabla ya hapo nani alimfunika majeruhi, kabla ya hapo, kabla ya hapo. Kurudi kinyumenyume kunavunja simulizi uliyoizoea, na mara nyingi kitu kilichofunikwa nayo hujitokeza. Chora ramani ya kibanda, barabara na mahali mtu alipoangukia. Ukikwama, acha pengo. Usijilazimishe kupiga picha kichwani ya jinsi "lazima ilikuwa", maana picha ya kubuni ukiitazama mara nyingi inazoeleka, na iliyozoeleka huvaa vazi la kumbukumbu. Fanya zoezi hili mara moja tu, andika tarehe na saa, ufunge daftari.

Kuhusu mwendo, achana na kilomita. Sema kitu kinachopimika: "nilipoinua kichwa taa zilikuwa mbele ya duka la vifaa, nikahesabu kama moja-mbili zikapotea kwenye kona." Mpelelezi atapima hatua zake. Kilomita 50 kwa saa, ambayo ni kikomo cha mwendo maeneo ya makazi, ni mita 14 kwa sekunde. Mia moja ni mita 28. Kati ya hizo mbili kuna tofauti ambayo futi kamba itaiona hata kama jicho halikuiona.

Kaka yako naye aandike lake, mbali na wewe, na msionyeshane. Najua nyumbani mtataka mpatane. Msipatane kwa hili. Maelezo mawili yasiyofanana kutoka kwa watu wawili waaminifu yanamsaidia mpelelezi; maelezo mawili yaliyosawazishwa jikoni yamekuwa moja, na hakuna atakayeweza kuyatenganisha tena.

Halafu rudi kituoni uombe kutoa maelezo ya nyongeza. Sema mambo manne waziwazi: kwamba rangi huna uhakika nayo na kwa nini, kwamba mia moja ni kadirio, kile unachokumbuka kuhusu kofia, kama ilipata N au D, na kwamba umeonyeshwa picha ya mtu kwenye simu, tarehe gani, mara ngapi. Hilo la nne lisemwe kabla ya gwaride, si baada. Usiogope kwamba utaonekana umebadilika. Shahidi anayesema kipi kimetoka wapi ni mgumu kumtikisa.

Wakiendelea kukuita kwenye gwaride, ingia ukijua kwamba mtu mwenyewe huenda hayumo kwenye mstari. Kosa kubwa hapo ni kulinganisha waliosimama na kumchagua anayefanana zaidi. Katika watu wowote, daima atakuwepo anayefanana zaidi. Linganisha kila mmoja na jioni ile, peke yake. Kabla ya kuinua mkono amua kizingiti chako kwa kupima makosa mawili: ukikaa kimya na yumo, upelelezi bado una njia nyingine, gari lenye mkwaruzo, simu, kamera za maduka; ukimgusa asiye yeye, mtu anaweza kwenda jela na aliyekimbia akabaki barabarani. Makosa hayo hayana uzito sawa, kwa hiyo kizingiti kiwe juu. "Simtambui" ni jibu kamili. Ukimtambua mtu, sema papo hapo kwa maneno yako una uhakika kiasi gani, na uhakika huo umetoka wapi. Usimwulize askari kama umepatia.

La mwisho ni usingizi wako. Wiki 3 za kukosa usingizi baada ya ajali ya namna ile ni jambo la kawaida, na kwa wengi hupungua. Zikipita wiki 4 na picha bado zinakuvamia mchana, unashtuka kwa kila honi, au unashindwa kusimama pale kibandani, nenda hospitali ya mkoa uulizie huduma za afya ya akili, ueleze tangu mwanzo kama ulivyonieleza mimi. Kwa sasa lala saa zilezile, simu ikiwa chumba kingine, na mteja akikuomba umsimulie tena ile ajali mwambie umeshatoa maelezo polisi.